Alama Tatu kwa Ishirini

Nyumbani,
Mezani kwa Mama,
Jumapili alasiri, mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu Jembe,

Pokea salamu za nyumba nzima, wazima na wanaojikongoja. Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, yule mdogo ameacha kukohoa? Mara ya mwisho tulipozungumza nilimsikia nyuma yako anakohoa kama trekta bovu, nikataka kukuuliza, kumbe ulikuwa umeshaaga. Msimpe vitu vya baridi, na mumvalishe soksi hata kama hataki.

Samahani kukuita Jembe mtu mzima mwenye mvi. Najua huko mnakuitana kwa majina ya heshima. Lakini jina hilo alikupa Baba mwenyewe, siku alipokuta umekandamiza penseli mpaka maneno ya ukurasa wa kwanza yametokea ukurasa wa tatu, akakuuliza, "Wewe unaandika au unalima?" Humu ndani hakuna anayekujua kwa jina jingine.

Sisi tupo. Miguu yangu imevimba tena. Kule chumba cha kufulia cha hospitali mashine moja ya kunyooshea mashuka imekufa, kwa hiyo mashuka ya wodi zote yanapita kwenye ile moja iliyobaki, na anayesimama mbele yake ni mimi. Nikirudi naoga, nampa Baba chai, namtia matone ya macho, naketi, na nikishaketi siinuki. Sikulalamikii. Nakueleza tu ili ukiona mwandiko unaserereka ujue si ulevi, ni uchovu.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani na simu ninayo. Naandika kwa sababu simu yako ina ugonjwa. Nikitaja mvua, inasikika vizuri. Nikitaja watoto, inasikika. Nikitaja Baba tu, mtandao unakatika. Barua haina mtandao, mdogo wangu. Itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Nianze na macho yake. Jicho la kushoto lilishakwenda, hilo unalijua. Sasa na la kulia linaaga. Daktari, mama mmoja mpole anayeongea kama anabembeleza mtoto, alitueleza kwamba presha ya macho ikishachukua hairudishi. Matone ni ya kuchelewesha tu. Baba akauliza, "Kuchelewesha mpaka lini?" Daktari akasema huenda kabla ya mwaka kwisha atabaki anatofautisha mwanga na giza, basi. Baba akamshukuru kama mtu aliyepewa ratiba ya mitihani. Tulipofika mlangoni aliniambia nibadilishe taa ya sebuleni, niweke kali zaidi.

Shangazi amehamia kwetu, analala chumba chako. Asingekuja sijui ningefanya nini. Mchana anamsomea Baba gazeti, lakini anaruka habari asizozipenda, na Baba anajua kwamba ameruka, basi wanagombana mpaka nirudi kutoka kazini niwaamue. Ndugu wa tumbo moja, wote wamepita miaka sabini, na bado kila mmoja anamsemea mwenzake kwangu. Nilidhani nikimaliza kulea wanangu nitapumzika.

Sasa nakuja kwenye picha yako. Usiikunje barua, tafadhali.

Nakumbuka ulivyonieleza inavyotengenezwa, mwaka ule baada ya msiba wa Mama. Kwamba unachukua bamba la shaba, unalipaka nta, unachora juu ya nta kwa sindano, halafu unalitia kwenye tindikali nayo inakula shaba pale tu sindano ilipopita. Kisha unalipaka wino, unalifuta, unalilazia karatasi yenye unyevu na kuvipitisha vyote katikati ya roli mbili nzito. Nilikuelewa mara moja. Nikakwambia hiyo ndiyo mashine yangu ya mashuka, tofauti ni kwamba wewe unahangaika alama ibaki, mimi ikibaki alama nafokewa. Ulicheka sana siku hiyo. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu maziko. Ukaniambia utachapa nakala ishirini, na ya tatu itakuwa yetu.

Ikaja imeviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu. Tukaitandaza kitandani kwa Baba, tukaizunguka. Nikuambie ukweli, hatukuelewa kitu. Ile mistari mizito inayopanda kutoka kona ya chini na kukatizana, lile bonge jeusi katikati, na vile vikwaruzo vya pembeni kama kuku amepita kwenye majivu. Shangazi alisema ni eksrei ya mtu mwenye kifua kibaya. Mimi niliona bafu letu siku maji yanapogoma kwenda. Baba alivaa miwani, akainama juu yake muda mrefu, akafika mpaka chini kabisa kwenye maandishi yako ya penseli. Akavua miwani. Akasema, "Nitaipeleka mwenyewe kwa fundi wa fremu." Hakutaka mtu amsindikize.

Akarudi nayo imefungwa kwa shuka, akaitundika sebuleni, ukutani mkabala na mlango, pale pale ilipokuwa kalenda. Nikaipiga picha kwa simu nikakutumia, nikitegemea utafurahi. Ukanijibu maneno matatu: "Jina liko wapi?" Ndipo na mimi nikatazama vizuri. Ile karatasi nene nyeupe ya ndani ya fremu ilikuwa nyembamba juu na pembeni, lakini chini ilikuwa pana, imefunika maandishi yote. Ukasema Baba amekuonea aibu mpaka amelifukia jina lako. Baba ni mtu wa kupima vitu kwa rula. Hafuniki kitu kwa bahati mbaya.

Tangu hapo hujakanyaga hapa. Harusi ya binti yangu ulituma salamu. Baba alipolazwa ulituma salamu. Na hizo salamu nizisemee leo, maana zimenichosha kuliko mashuka. Wewe unasema "msalimie" kama mtu anayetema kokwa. Nikifika kwa Baba inakuwa, "Jembe anakusalimia sana, anauliza hali ya macho." Baba anasema "Mm." Nikikupigia wewe inakuwa, "Baba anashukuru, anakuombea kheri." Miaka yote hii mmekuwa mkipendana kwa maneno yangu mimi. Natia chumvi huku, natia sukari kule, kama mpishi wa wagonjwa wawili. Nimechoka, mdogo wangu. Sina tena la kuongezea.

Lakini kuna jambo moja sikukusimulia, kwa sababu kila nikijaribu mtandao unakatika. Unamkumbuka Mzee Filimbi, yule mwalimu wa michezo aliyekuwa akitukimbiza asubuhi? Siku moja alikuja kumtembelea Baba, akaketi chini ya picha, akaitazama, akaangua kicheko. Akasema, "Mwalimu, hii mjukuu amekumwagia wino?" Baba hakucheka. Akamwambia, "Ni kazi ya mwanangu wa kiume. Hesabu zote ulizosomeshwa ulizielewa siku ya kwanza?" Mzee Filimbi akanywa chai yake. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, nikajiuliza: mtu anayemwonea aibu mwanawe ndiyo anamtetea hivi?

Nilipata jibu Jumatano iliyopita. Shangazi alikuwa akifuta vumbi, na kwa vile haamini kwamba kitu kinaweza kufutwa bila kukipigapiga, aliiangusha. Kioo kikasambaa sebule nzima. Karatasi yako haikupata hata mkwaruzo, ondoa wasiwasi. Niliileta hapa mezani, nikaanza kutoa vipande kimoja kimoja, na ile karatasi nyeupe ya fremu nayo ikaachia. Chini yake maandishi yako yalikuwa yametulia kama ulivyoyaacha. Kushoto "3/20". Katikati jina la picha, "Alama". Kulia jina lako, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho ambao Mama alikuwa akisema unaweza kuanikia nguo.

Baba alikuwa kaketi hapo mbele yangu, anasikiliza vioo vinavyodondoka kwenye ndoo. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu inaniwaka, uvumilivu umeniishia. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Baba, kwa nini ulifunika jina la mtoto?"

"Jina gani? Mimi sikufunika jina. Nilifunika alama."

"Alama ndilo jina la picha, Baba."

"Usinifundishe kusoma wewe," akasema. "Nimesahihisha madaftari kabla hujazaliwa. Tatu kwa ishirini, alama. Imeandikwa kwa penseli, wazi kabisa. Niliona kwa macho yangu haya nikiwa nayo."

Jembe, nilishika ukingo wa meza. Kwanza sikuelewa, halafu nikaelewa yote kwa mpigo. Tatu, mkwaju, ishirini, na pembeni yake neno "Alama". Mwalimu wa hesabu maisha yake yote, angesoma nini kingine? Umemtumia baba yako picha, na yeye akaipokea kama karatasi ya mtihani iliyosahihishwa. Alidhani umefeli! Nilicheka mpaka Shangazi akatoka jikoni kuja kuona nimepatwa na nini. Nilipomweleza na yeye akacheka. Baba peke yake hakucheka. Alikaa na mikono yake mezani, akangoja tumalize.

Kisha akasema mambo ambayo sijawahi kumsikia akiyasema, na nitakuandikia kama yalivyotoka.

Alisema, "Nilimkasirikia sana aliyesahihisha. Mtu mzima amehangaika na shaba na tindikali, unampa tatu? Hata za usafi hukumpa?" Halafu akaniuliza, "Unakumbuka nilivyokuwa nikisoma alama mbele ya darasa?"

Nani asiyekumbuka. Alikuwa anaanza na wa mwisho. Sisi wanawe hatukuwa na upendeleo, na wewe ndiye uliyekuwa na bahati mbaya ya kuingia darasani kwake. Siku ile alipokusoma wewe wa kwanza, yaani wa mwisho, darasa zima likacheka, ukarudi nyumbani ukiwa nyuma yake hatua nyingi, kichwa chini, ukaenda kulala bila kula. Mama alimnunia wiki nzima. Nilidhani Baba alishasahau.

"Nilimsoma mbele ya watu mara moja," akasema. "Akiwa mtoto. Nikasema safari hii hakuna atakayeisoma. Nikamwambia fundi, funika hapo chini, pasionekane kitu. Picha waione, alama wasiione."

Nikamuuliza kwa nini basi hakukupigia simu. Akajibu kwamba alikuona umenyamaza, akadhani unanyamaza kwa sababu ya zile tatu. Akaona akikuuliza atakutonesha. Akaamua akusubiri mpaka urudie mtihani, ndipo mzungumze. Ndivyo alivyosema, "mpaka arudie mtihani", kwa sauti ya kawaida kabisa, mtu wa miaka themanini kasoro.

Wewe unanuna kwa sababu amekuonea aibu. Yeye ananyamaza ili asikutie aibu. Na mimi katikati ninatia chumvi. Nililia, sikufichi. Kicheko kilikuwa hakijakauka nikawa nalia, Shangazi akanipa ile ile kanga ya kufutia vumbi.

Nikamweleza Baba pole pole, kama wewe ulivyonieleza mimi. Kwamba si alama za mtihani. Kwamba bamba ni moja, lakini linapakwa wino upya na kupitishwa tena kwenye roli, zikatoka karatasi ishirini, na hii yetu ni ya tatu. Hiyo namba inamwambia mtu kwamba hazitachapwa nyingine. Alinisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anavyofanya siku hizi.

"Kwa hiyo wako watu kumi na tisa wana picha hii majumbani mwao?"

Nikasema ndiyo, au wengi wao.

"Na hao wote wameacha jina lake lionekane?"

Ungemjibu nini? Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, na siku ile hakuja kusikiliza taarifa ya habari.

Basi, hilo ndilo nililotaka kukuambia. Sasa fremu iko kwa fundi. Ni yule yule, ila siku hizi mwanawe wa kike ndiye anayekata mbao. Wananiuliza ile karatasi nyeupe ya chini waiache pana kiasi gani, na mimi nimewaambia mwenye kazi atakuja kusema mwenyewe. Nimesema hivyo bila kukuuliza. Unaweza kunikasirikia, nafasi ninayo, nimezoea kubeba mashuka mazito zaidi.

Sikuombi uje kwa sababu Baba anakufa. Hafi, ana moyo wa punda na anakula kuliko mimi. Nakuomba uje wakati jicho lile bado linaweza kukutofautisha na mlango. Likishakwenda atakusikia, atakushika mkono, lakini hatakuona umezeeka, na nadhani angependa kuona. Anajua una mvi kwa kuambiwa tu. Njoo na wifi kama ana nafasi, njoo na watoto, Shangazi atalala na mimi. Usinitumie salamu. Ukinitumia salamu safari hii nitazifikisha zilivyo.

Binti yangu anakusalimu, ana mimba ya pili na hawezi kuvumilia harufu ya sabuni, maskini, mama yake dobi. Shangazi anakusalimu na anasema kioo kilikuwa kimelegea tangu mwanzo. Mzee Filimbi anakusalimu pia. Nimemsimulia, akafuta machozi, akasema yeye bado anaona wino umemwagika, ila umemwagika vizuri. Msalimie wifi, uwabusu watoto. Jirani wa kona aliyekuwa akikunyang'anya mpira alifariki, nilisahau kukwambia, Mungu amrehemu.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akulindie mikono, na ile tindikali isikurukie machoni. Macho ni mali.

Ni mimi dada yako akupendaye,
tumbo moja na wewe, miguu imevimba, moyo bado mzima.

Nyongeza. Nilikuwa nimeshakunja karatasi, ikabidi niikunjue. Baba amekuja akaketi mbele yangu akaniuliza naandika nini. Nimemwambia. Akaomba picha. Iko hapa hapa mezani chini ya kitambaa cha Mama, haina kioo wala fremu. Nimemwekea mbele yake, nikamwambia anawe mikono kwanza, akanawa. Akaanza kupitisha vidole. Alianzia pembeni, pale bamba lilipobonyeza karatasi, akafuata ukingo wote mpaka akarudi alipoanzia, kama anayepima kiwanja. Kisha akaingia ndani, kwenye ile mistari mizito. Mimi nimeitazama miaka yote hii ikiwa nyuma ya kioo, sikuwahi kujua kwamba wino wake umeinuka, kwamba unashikika. Akafuata mstari mmoja kutoka chini mpaka unapokatika, akarudia, akarudia tena. Nikaona uso wake unafunguka. Akasema, "Mtoto huyu. Nilimwambia asikandamize." Akacheka, Jembe, kicheko kile cha zamani cha puani. "Bado analima."

Najua utasema ni tindikali iliyokula shaba, wala si mkono wako uliokandamiza. Usimwambie. Njoo tu.